Kombe la Bwana Msabah

Mardhiya alikuwa keshaupaka hina mkono mmoja wa Nusrat, binti wa Bwana Msabah, pale tajiri mwenyewe alipoingia sebuleni bila ya hodi. Mkono wa pili ulimshinda. Ua aliloanza kulichora likawa doa.

Kosa analo, na alilijua tangu jana. Mjini wanamjua kwa kupaka hina tu. Hawajui kwamba ndiye anayeandika ile tamthilia ya tajiri anayepanda na kuporomoka, inayowakusanya watu mbele ya tivii kila Ijumaa. Alijitahidi kuficha kwamba tajiri huyo ni Bwana Msabah, maskini. Mahoteli kayafanya viwanda, Unguja kaifanya Tanga. Lakini mwandishi naye ana uroho wake. Asubuhi moja, akingoja hina ikauke, alimwona Bwana Msabah uani akinywa kombe kabla ya kwenda kutia saini mkataba: aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji ya dafu badala ya marashi, naye kavaa kanzu ya marehemu baba yake, imemfika magotini. Kitu kitamu kama kile angekiachaje? Akakitia chote, na kanzu yake fupi. Jana kimeonyeshwa, leo mji mzima unacheka.

"Kombe langu analiosha mtu mmoja tu humu ndani," alisema Bwana Msabah. Hakupaza sauti, na hilo lilimtisha Mardhiya zaidi. "Bi Mize!"

"Naam!" Bibi alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga. Ndiye aliyemlea tajiri huyu tangu yumo kwenye mbeleko.

"Siri yangu umeipeleka kwa watu wa tivii."

Bi Mize alimtazama Mardhiya. Asubuhi ile ya kombe alimkuta kasimama kwenye mlango wa uani, hata akamtania eti anamchungulia mume wa mtu.

Mardhiya angesema "ni mimi" tu, ingetosha. Lakini nyumba anayokaa na mama yake kule Amani ni ya Bwana Msabah, na mama hajainuka kitandani tangu mfungo mosi, mwezi wa Idi. Wangetolewa leo leo. Aliogopa, akaogopa. Akainamisha kichwa, akaendelea kuchora.

"Gari iko nje," alisema Bwana Msabah. "Itakupeleka kwenu Bwejuu."

"Haya, mwanangu. Nnakwenda."

Hakukawia chumbani, alitoka na furushi moja. Akambusu Nusrat kwenye paji la uso, kisha akamwinamia Mardhiya, karibu na sikio, kama anayetazama maua.

"Mama yako msalimie," alinong'ona. "Na hili nalo najua utaliandika. Ila usinitie nnalia, Mardhiya. Mimi sikulia."