Matanga Kwenye Shimo la Chumvi

Jua la saa sita kule kwetu kwenye chumvi lina tabia mbaya: linakuonyesha watu wasiokuwepo. Uwanda wote wa kijiji chetu, Palmarin, unakuwa mweupe, upeo unaanza kuchezacheza, na yeyote aliye mbali unamwona anaelea, miguu haigusi chini. Sisi wanawake tunaochimba chumvi mashimoni tumeshazoea. Kila mmoja ana wake anayemwona, na hatuulizani. Mimi namwona dada yangu Tening.

Tening alikufa kwa kutokwa damu. Tulisema ni upepo mbaya, tukasema ni uchawi wa mke mwenza, tukasema kila kitu, na alipopelekwa hospitali Dakar alikuwa hata kukaa hawezi. Alirudi maiti, tukamfunga sanda. Lakini saa sita, jua likiwa utosini, namwona ameinama kwenye shimo lake la zamani, anakwangua chumvi, mgongo wake kwangu. Simwogopi. Namsimulia chinichini habari za nyumbani, nani kaolewa, mbuzi gani kazaa. Hakuwahi kugeuka, nami sikuwahi kumwomba ageuke.

Mwaka huu, mvua zikiwa bado kidogo, mkunga wa zahanati yetu alituita wanawake tupimwe mlango wa kizazi. Nilikwenda kwa sababu Odile alinivuta mkono. Odile Sagna ni Mjola wa Casamance, aliolewa na fundi seremala wa kwetu, anauza mawese sokoni. Mjola na Mserer kama mimi ni watani tangu mababu. Yeye ananiita mtumwa wake, mimi namwita mtumwa wangu, na anayenuna ndiye aliyeshindwa.

"Nitakupaka siki," mkunga akanieleza, msichana mpole, "nisubiri kidogo, halafu niangalie."

"Siki? Mwanangu, mimi nashinda kwenye maji ya chumvi mpaka kiunoni. Nimeshakaushwa zamani. Ugonjwa gani utakubali kukaa humu?"

"Ndiyo maana unanuka samaki," Odile akadakia, na benchi zima likaangua kicheko.

Odile alitoka mzima. Mimi nilikutwa na doa jeupe.

"Bado siyo saratani," mkunga akasema. "Ila tukiliacha linaweza kuwa. Kifaa cha kulichoma kinaletwa kila Jumatatu, na kazi yenyewe ni ya muda mfupi tu. Baada ya hapo, mwezi mzima baba watoto akae mbali. Na usiingie shimoni."

La baba watoto lilinichekesha. La shimo halikunichekesha hata kidogo. Mwezi huo wa mwisho kabla ya mvua ndio chumvi inapokuwa nene, mvua ikishanyesha tumefunga kazi. Nilimwambia Odile hivyo njiani, na ni kweli, lakini haikuwa kweli yote. Niliposikia neno kuchoma nilimwona Tening kwenye sanda. Nilijiambia hospitali ndiyo iliyommaliza, mimi siumwi popote, kwa nini nikaamshe kitu kilicholala?

Jumatatu ile nikaenda shimoni. Mkunga alipotuma mtu nikasema nina wageni. Jumatatu iliyofuata nikasema nina wageni tena.

Ndipo Tening alipoanza kugeuka.

Kwanza lilikuwa bega. Siku nyingine nikaona shavu, na hereni niliyoijua. Nilikuwa nimesimama ndani ya maji ya rangi ya waridi, mafuta ya shea tunayojipaka chumvi isitule yanang'aa miguuni, na dunia yote imenyamaza kwa joto. Nilijua akigeuka kabisa nitamfuata. Na nisiseme uongo, kulikuwa na utamu ndani yake. Unachoka, unaona mtu wako anakaribia kukuita, unasema acha aite.

Jumatatu ya tatu nilikuwa shimoni kama kawaida. Nikasikia mtu anapiga yowe.

"Yoo! Yoo! Mtumwa wangu kafa!"

Odile alikuwa anakuja kwenye uwanda, mikono kichwani, kanga kaifunga kiunoni kama mwenye msiba hasa. Wanawake wakainua vichwa na kicheko kikaanza kupita shimo hadi shimo.

"Nani kafa?" mmoja akauliza kwa hamu.

"Dibor! Dibor Sarr, yule mchoyo! Aliniahidi gunia la chumvi tangu mwaka juzi, kafa nalo!"

"Niko hapa, we mlevi wa tembo!" nikapiga kelele.

"Mnamsikia? Hawa Waserer hata wakifa hawaachi ubishi." Akafika ukingoni, akanitazama kwa huruma kubwa ya uongo. "Na kaburi kajichimbia mwenyewe. Tazameni, kashajizika nusu. Mimi namalizia tu."

Akachota chumvi kwenye lundo langu mwenyewe akaanza kunimwagia, mabegani, kichwani. Wanawake walikuwa hoi kwa kucheka, wengine wakajiunga na kilio, uwanda mzima ukalia jina langu. Odile akagawa mirathi. Shimo achukue yeye. Sufuria kubwa achukue yeye. Mume, hapana, mume apewe mbwa.

"Alikuwa mtu mwema?" wakamwuliza kama wanavyofanya matangani.

"Mwema sana! Ila kila Jumatatu alikuwa na wageni."

Kicheko kikapungua kidogo.

"Wageni gani hao, Dibor?" Sasa alikuwa ananiambia mimi tu. "Nitajie jina la mgeni mmoja."

Chumvi ilikuwa imeniingia machoni, nikageuza uso kule mbali. Na kule mbali, ndani ya mng'ao, palikuwa na mtu anakuja. Kichwa wazi, hana kitambaa. Alikuwa anaelea, miguu haigusi chini, na alikuwa anakimbia moja kwa moja kuja kwangu. Tening amegeuka, nikasema moyoni. Nikanyoosha mkono.

"Haya," nikasema, "nakuja."

"Unamwambia nani?" Odile akauliza, na sauti yake haikuwa ya utani tena.

Yule mtu akashuka kutoka kwenye mng'ao akapata miguu. Ilikuwa miguu mitupu ya kizee, imechanwa na ganda la chumvi, inatoka damu. Alikuwa mama yangu. Upepo ulikuwa umepeleka kilio mpaka kijijini, na ndani ya kilio lilikuwamo jina langu.

Odile akaachia chumvi iliyokuwa mikononi.

"Mama, ni utani. Wallahi mama, ni utani tu..."

Mama alimpita. Akaingia shimoni na nguo zake. Alianza kunifuta chumvi usoni, akanishika kichwa, akashuka shingoni, mabegani, mikono, tumbo. Aligusa kila mahali kwa utaratibu, bila haraka. Niliujua utaratibu ule. Ndivyo alivyomwosha Tening, na bakuli la maji nilishika mimi. Nilisimama nikiogopa kama sijawahi kuogopa, na wala sikuwa naiogopa hospitali. Nilikuwa naiogopa ile mikono, isije ikafanya kazi ile mara ya pili.

"Una joto," mama akasema.

"Niko hai, mama."

Akafungua kiganja. Ndani kilikuwamo kitambaa chake cha kichwa, amekivingirisha chembamba.

"Nimekivua njiani," akasema. "Nilikuwa nimekuja kukufunga kidevu."

Nikalia. Nililia kwa sauti, mbele za watu wote, ndani ya shimo langu. Odile akakaa chini kwenye chumvi, akaweka miguu yote miwili kwenye maji, machozi yanamtiririka hadi kidevuni.

"Mtani huzuia jeneza mpaka alipwe," akasema. "Mimi nazuia. Sitoki hapa. Nilipe."

"Nikulipe nini, Odile?"

"Twende kwa mkunga."

"Na chumvi?"

"Nitaingia mimi. Mwezi mzima, mtumwa wako, na miguu yangu hii ya Kijola. Simama twende, kabla sijafikiri vizuri."

Mama alinifunga kile kitambaa kichwani, juu ya chumvi yote. Tukapanda mkokoteni sisi watatu. Mkunga alinitazama nilivyoingia nimekauka mweupe tangu nywele hadi vidole, akafungua mdomo, akaufunga, akanionyesha bomba la maji. Kuchomwa kuliuma kama tumbo la siku zangu, hata pungufu kidogo. Nilitumia muda mrefu zaidi kunawa.

Sasa nakaa ukingoni kivulini na kopo la mafuta ya shea, namtukana Odile. Anakwangua vibaya, anachanganya chumvi na tope, analia kwamba inamla, kisha ananikumbusha kuwa mwakani ni lazima nirudi kupimwa tena na yeye koo lake la matanga bado lipo. Saa sita Tening huinama kwenye shimo lake, mgongo wake kwangu, na mimi namsalimia.

Kisha mama anatokea kwenye mng'ao, kila siku, kitambaa kichwani. Hakaribii. Anasimama mbali, anakoeleaelea, na kuita.

"Dibor!"

"Naam, mama!"

Akishasikia niko hai, anageuka anarudi nyumbani. Mimi huitika kwa sauti kubwa, asije akadhani hajasikia vizuri.