Bibi Lebo Amekosea

Maabara nzima inaniita Bibi Lebo, na wanaonipenda ndio wanaoniita hivyo mbele yangu. Miaka ishirini na sita nasoma damu za watu kwenye hadubini na sijawahi kuchanganya slaidi, vile vioo vya kupakia damu, hata moja. Slaidi isiyo na jina wala tarehe kwangu ni takataka. Nyumbani nako ni hivyo hivyo: chumvi ina lebo, sukari ina lebo, dawa ya panya ina lebo tatu. Mume wangu, mwalimu mstaafu asiyeishiwa utani, huniambia kuna siku ataamka na lebo kwenye paji la uso.

Basi siku ya kuzindua kigoda, nani mwingine angeandaa slaidi?

Kigoda chenyewe ni nafasi ya kudumu ya profesa wa utafiti wa saratani ya damu, ya kwanza katika chuo chetu. Nimeipigania miaka kumi na moja. Niliandika barua mpaka karani wa utawala akawa akiniona anajificha chooni. Sababu yangu ilikuwa moja. Sampuli za wagonjwa wetu zilikuwa zinapelekwa ng'ambo, na majibu mengine yalirudi mgonjwa keshazikwa. Mimi ndiye niliyekuwa nayapokea majibu hayo na kuyafungia kwenye faili, na kila mara iliniuma upya.

Aliyepewa kigoda ni mwanafunzi wangu wa zamani. Alipokuja maabara kwa mazoezi, akiwa msichana mwembamba mwenye haraka, nilimmwagia sanduku zima la slaidi kwenye pipa kwa sababu hakuandika tarehe. Alilia kwikwi. Leo ni profesa, na bado ananiita Mama.

Mkuu wa Chuo alitaka wageni wajionee. Hadubini ingeunganishwa na skrini kubwa ukumbini, ioneshe kwanza damu ya mgonjwa, kisha ya mtu asiyeumwa, ili hata asiyejua kitu aone tofauti. Ya mgonjwa niliitoa kwenye kabati la kumbukumbu, slaidi ya zamani iliyoanza kuwa manjano. Ya pili nilifanya kama tunavyofanya siku zote tukihitaji damu nzuri kwa haraka: nilijichoma kidole. Vijana wa siku hizi wanachoma wagonjwa kutwa, lakini ukiwaomba tone lao ghafla wanakumbuka wana kazi nyingine. Nikapaka, nikakausha, nikatia rangi, nikaandika lebo: MZIMA, na tarehe. Sikuiangalia. Watu walikuwa wanaingia ukumbini, na damu yangu ndiyo niliyojifunzia kazi.

Mume wangu nilimkuta mlangoni na suti yake ya harusi za watu, kamera shingoni. Akaiona plasta kidoleni.

"Umejikata?"

"Nimejitolea. Leo damu yangu inaoneshwa kwenye skrini."

"Basi nitaipiga picha, nione kama nayo ina lebo." Kisha akalivuta gauni langu kiunoni. "Hili si ndilo lililokuwa linakubana? Mbona umepungua hivi?"

"Kazi," nikamjibu. Ilikuwa kweli kwamba wiki kadhaa nilikuwa nakula matonge matatu nahisi nimeshiba, lakini katikati ya maandalizi yale nani alikuwa na nafasi ya kula?

Profesa alianza vizuri. Akaonesha damu ya mgonjwa, akaeleza taratibu, watu wakasikitika inavyostahili. Nilisimama ukutani karibu na swichi za taa, nimejawa na fahari mpaka kooni.

"Na sasa," akasema, "damu ya mtu mzima."

Picha ikaja na ukungu, kisha ikatulia. Macho yangu yamezoea kazi, hayanisubiri mimi. Chembe nyeupe, ambazo zilipaswa kuonekana moja moja, zilikuwa zimesongamana skrini nzima kama kwenye ile ya mgonjwa, changa na zilizokomaa pamoja. Saratani, ile inayokuja polepole. Maskini, nikawaza, mwenye damu hii pengine anatembea tu, hajui kitu.

Halafu nikakumbuka mwenyewe ni nani.

Masikio yakaziba kama mtu aliyezamishwa kwenye pipa la maji. Mkuu wa Chuo aliinamia maikrofoni. "Profesa, naona leo tumeletewa wagonjwa wawili!" Ukumbi ukacheka. Profesa naye akanigeukia akitabasamu. "Hata Bibi Lebo ana siku zake," akasema.

Siku nyingine ningemrukia. Safari hii nilimwomba Mungu iwe nimekosea kweli, iwe nimechomoa kabatini slaidi ya mtu mwingine. Nikaenda kwenye hadubini, nikaitoa. Slaidi za kabatini zote zina kioo chembamba kilichogandishwa juu. Hii haikuwa nacho. Ilikuwa bado inanuka rangi. MZIMA, mwandiko wangu, tarehe ya leo.

Profesa akaitazama mkononi mwangu. Kisha akaiona plasta. Tabasamu likamtoka, akafunika maikrofoni kwa kiganja.

"Mama. Ni yako?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Hii ina dawa, Mama. Vidonge. Unajua ina dawa."

"Najua." Nilikuwa nimewaambia wengine hivyo hivyo, na sasa nilijua kwamba hawakuwa wanasikia kitu.

"Nenda nje, nitatafuta la kuwaambia."

"Hawa wamekuja kwa ajili ya kigoda," nikamwambia. "Nipe hiyo."

Nikashika maikrofoni. "Samahanini sana, wageni wetu. Nimekosea. Nimechanganya slaidi."

Vijana wangu wa maabara, kule nyuma, waliruka kwenye viti. Bibi Lebo amekosea! Mmoja alipiga mluzi, wengine wakapiga makofi, na wageni nao wakafuata bila kujua wanashangilia nini. Mkuu wa Chuo alikuwa anajifuta machozi ya kicheko.

Mume wangu, mstari wa mbele, hakucheka. Alikuwa ameinua kamera anipige picha. Akaishusha. Akanitazama mimi, akakitazama kidole changu, akainuka. Akapita mbele ya magoti ya wageni bila kuomba radhi hata kwa mmoja, yeye ambaye humwomba radhi hata paka. Akaja akasimama karibu mpaka nikasikia pumzi yake.

"Sema tena," akaniambia kwa sauti ya chini. "Niambie mimi kwamba umekosea."

Watu mia mbili nilikuwa nimewaambia bila kupepesa macho. Nikafungua mdomo nimwambie na yeye, nikashindwa.