Kibao Juu ya Kitanda cha Tapkigen

Kila siku ya soko hapa Bomet unapita kando ya wodi ile ya hospitali, na kila mara ukifika dirishani unaanza kutazama viatu vyako. Usikatae, nimekuona. Leo utainua macho.

Shangazi yangu Tapkigen ana saratani ya umio. Ugali ulimshinda tangu msimu wa kupalilia, lakini uji mwepesi na maziwa vinapita. Aliingia hospitali kwa miguu yake, akimtania askari wa lango: "Fungua vizuri, kijana, mimi si mbuzi wa kupenya." Daktari Bii alimkagua akafurahi. "Mama bado ana nyama mwilini. Huyu tunampasua."

Wakatundika kibao juu ya kitanda: ASIPEWE KITU KWA MDOMO. Sawa, hakuna anayepasuliwa ameshiba. Asubuhi chumba cha upasuaji hakikuwa na maji. Maji yaliporudi, mtaalamu wa dawa ya usingizi hakuonekana. Kisha madaktari wote wakaenda semina. Kibao hakikwenda. Kilibaki kazini peke yake.

"Sista, mpe hata uji," nikasema.

"Kibao kinakataza, kaka."

"Si upasuaji umeahirishwa?"

"Umeahirishwa. Lakini kibao ni cha daktari, hukitoa yeye mwenyewe."

Wakamtundikia dripu ya maji na chumvi, kana kwamba ni ua la kwenye kopo.

Nikamfuata Bii semina, hotelini Kericho. Ukutani wameangaza picha ya mgonjwa aliyebaki mifupa, na chini yake Bii anapambana na paja la kuku.

"Ndugu yangu, tunajifunza jambo kubwa!" akaniambia. "Hali ya lishe inatabiri mwisho wa mgonjwa wa umio. Aliyekonda, kidonda hakiungi, mapafu yanashambuliwa. Lazima alishwe kwanza!"

"Shangazi naye anajifunza hilohilo," nikasema. "Ila yeye kwa vitendo."

Akacheka. Alidhani ni mzaha.

Aliporudi, siku nyingi baadaye, akampima shangazi uzito, akatikisa kichwa. "Mama, umekonda mno. Sayansi hainiruhusu kukupasua."

Shangazi alijibu kwa sauti iliyobaki: "Basi daktari, huo utabiri wako nimeutimiza vizuri?"

"Ukinenepa kidogo, mama, tutakurudisha kwenye foleni."

"Ninenepe kwa kitu gani, kwa harufu?" Akaelekeza kidole juu.

Sote tukatazama kibao. Bii akakohoa, akasema kamati itakaa Jumatatu kuamua kama kibao kitolewe au mama arudishwe nyumbani. Mimi nikaking'oa. Askari akanitoa nje kwa ukosi, na kabla sijafika langoni kilikuwa kimerudishwa, mara hii kwa msumari.

Sijasahau. Siku ya kufungua wodi hii tuliahidiwa mirija ya kulishia wasioweza kumeza. Mbuzi waliochinjwa siku ile nawakumbuka kwa rangi zao. Mirija hadi leo sijui hata urefu wake. Jumatatu kamati ikimrudisha nyumbani, atakufa njaa, nao wataandika saratani. Kisha watamweka ukutani kwenye semina ijayo.

Pole yako sitaki. Koroga uji, uchuje, utie kwenye chupa ya chai, uje wodini leo, si Jumatatu. Askari ni mmoja. Simama naye uso kwa uso mpaka Bii atoke, ang'oe msumari ule kwa mkono wake na shangazi anyweshwe mbele yetu. Acha viatu vyako. Inuka, twende!