Ngoma ya Mwari Juu ya Mapaa ya Hillbrow

Nassir hakuwa mwizi. Tuliseme hili mapema, maana mwenyewe alijiambia hivyo mara nyingi mno, na mtu asiye mwizi hana haja ya kujikumbusha.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza gemu. Yeye na mwenzake Hénock, Mkongomani wa Bukavu, walipanga chumba Braamfontein, mjini Johannesburg, na humo walikuwa wakijenga gemu la kuruka la mtindo wa zamani: kijitu chenye mzigo kichwani kinakimbia juu ya mapaa ya maghorofa, kinaruka paa hadi paa, na kikikosea kinaanguka, mchezaji anaanza upya. Hénock aliandika programu, Nassir alitunga muziki. Walitaka lisikike kama magemu ya utotoni mwao, kwa hiyo Nassir alijibana kwa makusudi: sauti tatu tu kwa wakati mmoja, na mchakacho mkavu wa kuigiza ngoma. Muziki wa namna hiyo una adabu zake. Mchezaji atausikia ukijirudia mchana kutwa. Ukiwa chapwa atauzima, ukizidi utamu atasahau kuruka.

Nassir akatunga, akafuta, akatunga tena. Hénock alisikiliza na kutikisa kichwa.

"Hii inalala, kaka," alisema. "Mutu hawezi kuruka na muziki yenye inalala."

Nyumbani, Nassir alikaa Hillbrow kwa shangazi yake, Mayasa, mwanamke wa Tanga aliyekuwa somo. Kila mama wa Tanga au Unguja aliyekuwa na binti wa kuozwa hapa Johannesburg alimwita yeye amfunde mwari wake, kwa ngoma na nyimbo ambazo mwanamume hazisikii, awe baba wa bibi arusi au bwana arusi mwenyewe. Siku ya kufunda, wanaume wa nyumba hutoka. Mayasa hakupoteza maneno. Aliviweka viatu vya Nassir nje ya mlango, basi.

Jumamosi moja Nassir alitoka kama kawaida, akafika kwenye taa za barabarani, akakumbuka ameacha chaja. Alirudi, na alipofika mlangoni akausikia wimbo. Angeweza kushuka. Hakushuka. Alisimama kwenye ngazi, sikio ukutani, mpaka wimbo ukaisha na kuanza tena, kisha akaenda zake, na chaja yenyewe hakuichukua.

Maneno hakuyachukua, na hapo ndipo alipojipatia faraja. Nimebeba sauti tu, alijiambia, na sauti ni hewa. Alijisahaulisha jambo ambalo hata watoto wa Tanga wanalijua, kwamba katika nyimbo zile ngoma ndiyo inayosema. Kila pigo limeshika neno lake, na aliyefundwa akilisikia pigo amelisikia neno. Maneno yenyewe hatutayaandika hapa. Na sisi tuna haya zetu.

Hénock aliposikia mdundo ule ndani ya gemu, aliinuka kwenye kiti.

"Njo hii," alisema. "Eish, kaka, njo hii tulikuwa tunatafuta."

Kweli, kijitu sasa kiliruka kana kwamba kimezaliwa na ngoma ile miguuni. Nassir alifurahi. Lakini nyumbani, kila alipoufanyia kazi wimbo ule, alivaa spika za masikioni, mtu mwingine asisikie. Asiye na hatia hafanyi hivyo.

Siku ya kulionyesha gemu katika ukumbi wa chuo kikuu, Mayasa alikuwa ameshawatangazia watu wote. Alikuja na wanawake wenzake, mabuibui yamepigwa pasi, sahani ya vitumbua mkononi. Alikuja Bi Biubwa, mkubwa wao. Alikuja pia Fauzia, mwari ambaye Mayasa angemfunda mwezi ule, pamoja na mama yake. Walikaa mstari wa mbele, maana shangazi wa mtunzi hakai nyuma.

Kijitu kikaanza kuruka. Spika zikapiga.

Nassir aliona mgongo wa shangazi yake ukikakamaa. Bi Biubwa alijifunika mdomo kwa mtandio. Mama yake Fauzia aliinamisha kichwa. Wanafunzi wa chuo, masikini ya Mungu, walipenda mno, wakaanza kupiga makofi kuufuata mdundo, na kila kofi lilitamka neno lisilotamkwa mbele ya wanaume. Nassir alitamani sakafu immeze. Haikummeza.

Baadaye, nje ya ukumbi, wanawake walimzunguka Mayasa. Nassir alikuwa hapo hapo.

"Mayasa," Bi Biubwa aliuliza kwa sauti ya chini, "mwanamume huyu kaupata wapi?"

Mayasa alimtazama Nassir, mara moja tu. Nassir alifungua mdomo. Maneno yalikuwa tayari: nilidukua mlangoni, shangazi hana kosa. Akaufunga.

"Kwangu," alisema Mayasa. "Nilikuwa naimba jikoni, nikasahau kama yumo ndani."

Fauzia alifundwa na somo mwingine, aliyeletwa kutoka Pretoria. Baada ya hapo hakuna aliyebisha hodi kwa Mayasa. Naye hakumgombeza Nassir hata siku moja. Aliendelea kumpakulia chakula na kumwita baba, na kila akiitwa hivyo Nassir alihisi aibu inampanda mpaka masikioni. Aliufuta wimbo kwenye gemu. Lakini maji yakimwagika hayazoleki: gemu la majaribio lilikuwa limeshagawiwa, na vijana wa Hillbrow walikuwa wakiupiga mluzi kwenye foleni ya teksi.

Arusi ya Fauzia ilipokwisha, Nassir alipanda ghorofani kwa Bi Biubwa.

"Shikamoo, bibi. Nimekuja kusema kweli. Shangazi hakuniimbia. Nilidukua."

"Marahaba," alijibu Bi Biubwa. "Wimbo ule hauimbwi jikoni, mwanangu, wala hauimbwi na mtu mmoja. Tulijua pale pale."

"Sasa mbona mkamwacha?"

"Amesema mwenyewe, mbele ya wanawake na mbele ya mwari. Somo akishajitia hatiani hivyo, mimi nitamkatalia vipi? Wa kumkatalia ulikuwa wewe. Tulisimama pale nje tukikungoja."

"Niitie watu, bibi. Nitasema mbele yao."

"Watu gani? Arusi imekwisha, kila mtu yuko kwake."

"Basi nikamwombe radhi shangazi."

Bi Biubwa alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilimchoma kuliko matusi.

"Radhi alikupa siku ile ile, kabla hujaiomba," alisema. "Utakwenda kumwomba nini tena?"