Kukataa Mara Tatu

Painem hakumwonea Lasmi kijicho kwa uzuri, maana uzuri wenyewe ungetafutwa kwa kurunzi. Alimwonea kwa ajili ya mdomo wake.

Painem alijifunza batiki nyuma ya mgongo wa mama yake, miaka mitano, akitazama mkono unavyoinamisha canting, kile kikalamu cha shaba cha kumimina nta. Hakuuliza neno. Kumuuliza mkubwa ni kumwambia hakufundisha vizuri. Lasmi yeye alifanya kazi za ndani Hong Kong miaka kumi na miwili, akarudi kijijini kwao Java na meno mawili ya dhahabu na tabia ya kunyoosha mkono kuuliza. Nta yake ilidondoka kama mavi ya bata.

Lakini Bu Tiurma, mwalimu wa darasa la batiki la watu wazima, alikuwa Mbatak wa Sumatra, na Wabatak husema kama wanaopasua kuni. Alipenda maswali.

"Swali zuri, Bu Lasmi!"

"La nne hilo tangu asubuhi," Painem alimnong'oneza jirani. "Kesho atauliza jua linalala na nani."

"Nimekusikia, Yu," Lasmi akasema, kwa heshima zote za mdogo kwa dada mkubwa. "Ukijua, niambie tu."

Siku ya mwisho Bu Tiurma alitangaza kwamba mmoja wao atafundisha kundi jipya. Miaka thelathini Painem alikuwa akitamani kuitwa Bu Guru, Mama Mwalimu.

"Bu Painem, mkono wako hauna mfano. Utafundisha?"

Painem akainamisha kichwa. "Aa, mimi mjinga, Bu. Hata shule sikumaliza. Tafuta mwingine."

Hivyo ndivyo Mjava aliyelelewa anavyosema ndiyo. Unakataa, unabembelezwa; unakataa tena, unabembelezwa; ya tatu unakubali kwa kuguna, kama umeonewa. Wanawake wote wakangoja ya pili.

"Haya, nimekuelewa," akasema Bu Tiurma. "Bu Lasmi, je?"

"Nataka!"

Painem alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Nyumbani alisaga pilipili kwa kishindo hata mumewe akauliza nani kafa.

"Mimi," akajibu.

Jumatatu alikwenda kwenye kundi jipya, akakaa mbele kabisa. Akiwa na miaka sitini na mmoja, akanyoosha mkono kwa mara ya kwanza maishani.

"Bu Guru Lasmi, mbona nta yako inatapakaa pembeni?"

Painem akangoja kumwona mwenzake akiumbuka.

"Swali zuri," akasema Lasmi, bila haya hata chembe. "Sijui. Wewe unajua, Yu?"

"Aa, mimi mjinga..."

"Haya, basi tuendelee," Lasmi akamkata, na meno ya dhahabu yakawaka. Mjava ni Mjava; alijua vizuri anachofanya.

"Ngoja kwanza!" Painem alikwisha simama, ya pili na ya tatu kazimeza. "Moto wako mkali mno, mwanamke wewe! Unachemsha supu? Sogea huko!" Akamsukuma kwa nyonga, akapunguza moto, akachovya canting. Wanawake wakamzunguka.

"Kwa nini moto uki..." Lasmi akaanza.

"Nyamaza. Tazama mkono."

Lasmi akanyamaza, akatazama. Kabla ya adhuhuri mstari wake ukatoka mwembamba kama unywele, umenyooka. Painem aliukagua mara mbili akitafuta kasoro, akaikosa, na jioni hiyo pilipili zikasagwa tena kwa kishindo.