Futi Iliyokatika Kichwa

Kwa miaka kumi na moja Mama Uzi alilala sebuleni kwa mdogo wake, kwenye kochi lenye shimo katikati, na hata siku moja hakuwahi kulala kabla ya mgeni wa mwisho kuaga. Mgeni akinogewa na soga, yeye hujikunja pembeni, macho mazito kama pasi ya mkaa, akicheka pale wengine wanapocheka. Alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, na nusu ya watoto wa mtaa walikaa darasani juu ya mishono yake. Lakini mlango wa kufunga hakuwa nao.

Mwaka huo akaapa: chumba na sebule, au asiitwe fundi tena.

"Sebule, wifi?" mke wa mdogo wake akacheka. "Mtu peke yako, utamkalisha nani?"

"Wewe."

Dalali aliitwa Dakika Tano, maana kila nyumba yake ilikuwa dakika tano tu kutoka stendi. Alimtembeza mpaka soli zikafunguka midomo. Nyumba ya kwanza, sebule ilikuwa chumba hichohicho kilichogawanywa kwa pazia. "Pazia nashona mwenyewe, baba," Mama Uzi akamwambia. "Nataka ukuta." Ya pili ukuta ulikuwepo, ila kodi ilimpalia kama maji.

Ya tatu ilikuwa ya mzee mpima viwanja mstaafu, shati limechomekwa, kalamu mbili mfukoni. Kuta nyeupe, komeo jipya. Mama Uzi aliipenda hadi akaficha mikono mgongoni isimuumbue. Lakini kodi ilimzidi kidogo, kile kidogo kinachouma kuliko kingi.

"Haina mjadala, mama," mzee akasema. "Sipangishi kwa mdomo, napangisha kwa futi. Kumi na mbili kwa kumi na mbili, chumba na sebule vilevile. Kila futi ya sakafu ina bei yake. Nimepima mwenyewe."

Mama Uzi akautazama ukuta kama mtoto aliyeletwa kupimwa kaptura. "Mimi naona kumi na moja."

"Unaona? Mimi nimepima mji huu miaka thelathini, wewe unaona?"

Mama Uzi akavua utepe wa kupimia shingoni, akapiga magoti, akapima huku akitia alama za chaki. Chumba, sebule, urefu, upana.

"Kumi na moja kila upande. Labda nyumba ilifuliwa ikarudi, mzee wangu."

Dakika Tano aligeukia dirishani, mabega yakimtetemeka.

Mzee akaleta futi yake ya chuma, akaivuta ukutani. Kumi na mbili, palepale! Akatabasamu, akaanza kumwonyesha mgeni mlango.

"Hebu nione kichwa chake," Mama Uzi akasema, hajainuka.

Ncha ilikuwa imekatika. Namba ya kwanza pale mwanzoni ilikuwa moja. Futi nzima iliyotangulia haipo.

"Hii yako, mzee, inaanza kuhesabu ikiwa imeshakula."

"Ndiyo maana kabati langu lilikataa kuingia!" mke wa mzee akapaza sauti kutoka uani. "Na seremala wa watu tukasema hajui kupima!"

Mzee akaigeuza ile futi mara mbili, tatu. Kisha akachomoa kalamu, akakokotoa upya kwenye kiganja.

"Nilisema kwa futi," akasema. "Basi ni kwa futi."

Kodi mpya ikamkaa Mama Uzi kama gauni la kupimiwa.

"Ila huo utepe niazime. Nina vyumba vingine vinne."

"Utepe wa fundi hauazimwi. Niite, nitakupimia."

Jumapili ya kwanza mdogo wake na mkewe walikuja kupaona. Wakakaa, soga zikanoga. Saa tisa mchana Mama Uzi akapiga mwayo mrefu, akasimama.

"Naenda kulala."

"Dada! Na sisi hatujaaga?"

"Kwani nani kawafukuza? Sebule ni ya wageni. Mkitoka, vuteni mlango."

Akaingia chumbani, akasukuma komeo taratibu, ili wifi yake alisikie vizuri.