Nani Alilala Hapa Jana

Mara ya kwanza kupimwa presha katika dispensari yetu mpya, nililazwa kwenye kitanda cha kuzalia. Mimi Njoka, mzee mwenye ndevu nyeupe na magoti mabovu, nilibaki nikitazama picha ya mtoto anayenyonya, imebandikwa ukutani. Nesi Kiende, msichana wa kutoka Meru, aliniomba radhi. Hakuwa na kitanda kingine.

Dawa ya presha pia hakuwa nayo. Chanjo za watoto zilijaa kwenye friji, vyandarua vya wajawazito vimepangwa mpaka karibu na dari, ila tembe za sisi wazee zilikuja kidogo na kuisha mara moja.

"Huko ofisini wanajua kijiji hiki kimejaa vijana na watoto wadogo," Kiende alisema. "Mimi naona wazee tu. Hao vijana wako wapi, mzee?"

Nilivaa shati langu. Vijana wetu wako Nairobi, wako Mitunguu kwenye mashamba ya ndizi, wako Nchiru wakiwauzia wanafunzi chipsi. Lakini kwetu huku Mbeere watu hawahesabiwi ovyo. Hata mbuzi hatuwahesabu kwa sauti. Na mtoto aliyeondoka mama yake hamtoi katika watu wa boma, maana kumtoa ni kama kumzika angali hai. Basi Mukami, mhudumu wetu wa afya, alipopita na simu yake akiuliza nani analala katika kila nyumba ili ofisini wajue dawa za kutuletea, kila mama alitaja wanawe wote, na wajukuu ambao huwaona Krismasi tu. Mukami alijua ukweli. Lakini ni binti wa Gachoki, amelelewa hapa hapa. Angebishana na mama wa nani? Hata wake mwenyewe alikuwa amewataja kaka zake wote.

Aliyeumia kuliko wote ni jirani yangu Teresia. Ana sukari, na tangu msimu wa kupanda alikuwa na kidonda chini ya mguu. Daktari wa Kiritiri alimwambia kisiposafishwa kila siku, mguu utakatwa. Wazee wanaoishi peke yao hutembelewa nyumbani na kusafishwa vidonda, ila kwa hesabu yetu kijijini hapakuwa na mzee wa namna hiyo hata mmoja. Kwa hiyo Kiende alimpa Teresia bendeji na kumwambia, "Njue atakusaidia." Teresia akaitikia vizuri kabisa. Njue, mwanawe wa pekee, alikwenda Mitunguu kuchuma ndizi, akawa anapiga simu, kisha simu ikazimwa. Ni miaka sasa.

Mama mwenyewe hakuweza kuinama akafikia unyayo. Alifunga bendeji juu juu, na harufu ikaanza. Nilipomwambia aende akaseme yuko peke yake, aliniuliza kama mbuzi wangu wamekula.

Kiende alipoomba hesabu irudiwe, nilizunguka na Mukami kwa kuwa mimi ndiye mzee wa kijiji. Tulimkuta Teresia ameketi mlangoni, mguu juu ya debe.

"Cucu," Mukami alianza kwa upole, akimwita bibi kwa lugha yetu, "jana nani alilala hapa?"

"Mimi na Njue."

"Cucu, nakuomba."

"Nenda ukaangalie kitanda chake."

Tuliingia katika kijumba cha Njue. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, blanketi imekunjwa vizuri, sakafu imefagiliwa leo leo. Mwanamke asiyeweza kukanyaga alikuwa amefagia. Nilipandwa na hasira, na sikumficha.

"Mama Njue, mguu unaoza. Unataka ukatwe kwa sababu ya kitanda?"

"Nikisema hayuko, nimemfungia mlango," alisema. "Na wewe, Baba Stephen? Stephen wako ulisema analala wapi?"

Hapo alinishika. Stephen wangu yuko Nairobi na mke ambaye sijawahi kumwona, na mimi nilikuwa nimesema yuko nyumbani. Mukami aliangalia simu yake. Nilikaa juu ya jiwe, nikaona aibu, halafu uchungu, na uchungu ndio uliobaki.

"Mukami, anza na mimi," nilisema. "Jana nililala na redio. Hakuna mwingine."

Teresia alishusha mguu kutoka kwenye debe.

"Weka mimi tu," akasema. "Jana Njue hakulala hapa."

Alilia, na Mukami akalia naye. Mimi niliangalia mbuzi. Kisha Mukami aliweka simu chini, akaomba maji ya uvuguvugu na chumvi, akauosha ule mguu siku hiyo hiyo bila kungoja ruhusa ya mtu.

Nyumba zilizofuata zilikuwa rahisi, maana habari ilitutangulia. Mama yake Mukami alisema ukweli akiwa amempa bintiye mgongo. Siku hizi tembe za presha zinafika, kitanda cha kuzalia kimesukumwa pembeni, na mabenchi yamejaa sisi tunaolalamikia magoti. Mguu wa Teresia umepona, ingawa anachechemea.

Juzi nilimkuta ameanika blanketi ya Njue juani, anajaribu kuikung'uta peke yake. Nami kwa ulimi wangu usiotulia nikamwambia, "Si ulisema hayuko?"

"Nilisema hakulala hapa," alijibu. "Sikusema hatarudi."

Niliegemeza fimbo yangu ukutani, nikashika upande wa pili wa blanketi, tukaikung'uta pamoja.